Kutengeneza Kitabu kwa Mkono: Chapa ya Lino, Karatasi za Mapambo na Mshono wa Kikopti

Kitabu kilichotengenezwa kwa mkono hupimwa pale kinapofunguliwa. Jalada linaweza kuvutia, chapa zikawa safi na uzi ukawa wa rangi ya kupendeza, lakini kurasa zikikataa kulala na kujifunga kila ukiondoa kidole, kazi hiyo bado haijawa kitabu cha kusomea wala kuandikia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi tupu, na mapambo yanafuata baadaye. Kila hatua hapa, tangu kukata hadi kufunga fundo la mwisho, imepangwa kwa kuuliza swali moja: je, kitabu kitafunguka vizuri?

Tutatengeneza kitabu kidogo cha ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, chenye kurasa 128. Ndani kitakuwa na chapa za lino, yaani picha zinazochapwa kwa kibao laini kilichochongwa. Majalada yake magumu yatavikwa karatasi tutakayoipamba wenyewe kwa rangi na wanga, na mgongo utaachwa wazi ili mshono wa Kikopti, ushonaji wa kale wa Wakristo wa Misri, uonekane. Umbo hili dogo lina historia ndefu. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, nakala ya Injili ya Yohana iliyotengenezwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, ina ukubwa wa takriban milimita 138 kwa 92. Ilikutwa ndani ya jeneza la mtakatifu huyo mwaka 1104, na leo imehifadhiwa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ikiwa na mshono wake wa awali, ambao ni wa jamii hii hii tutakayoitumia. Mshono uliovumilia karne 13 bila kurudiwa unastahili kujifunza polepole.

Kwanza, jua mkondo wa karatasi

Karatasi ya kiwandani ina mkondo. Inapotengenezwa, nyuzinyuzi zake nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, na tangu hapo karatasi huwa na upande unaokunjika kwa hiari na upande unaobisha. Ikilowa, hutanuka zaidi kwa kukata mkondo kuliko kwa kuufuata. Mambo hayo mawili ndiyo chanzo cha karibu kila tatizo ambalo anayeanza hulilaumu gundi au uzi.

Kuujua mkondo ni rahisi. Ikunje karatasi taratibu bila kuiwekea alama, uibonyeze kidogo kwa kiganja, kisha uigeuze ufanye vivyo hivyo kwa upande wa pili. Upande usiosukuma sana kiganja ndio unaofuata mkondo. Ukibaki na shaka, chana: mchano unaofuata mkondo huenda karibu moja kwa moja, unaoukata hupinda na kuacha kingo za manyoyamanyoya. Kwa kadibodi ngumu, kata kipande cha mraba ukipinde pande zote mbili. Tofauti utaihisi mikononi.

Kanuni ni moja na haina msamaha: mkondo wa kila kitu kitabuni uende sambamba na mgongo. Karatasi za ndani, kadibodi, karatasi ya kuvikia jalada, karatasi ya kubandika ndani ya jalada, zote.

Hapa ndipo karatasi ya A4 inapowaponza wengi. Kwa kawaida mkondo wake hufuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Ukiikunja katikati kwa njia iliyozoeleka upate kijitabu cha A5, mkunjo unakata mkondo, na kurasa zitasimama badala ya kulala. Lakini ukiikata kwanza vipande viwili vya milimita 210 kwa 148, kisha ukakunja kila kipande upate ukurasa wa 105 kwa 148, mkunjo unafuata mkondo. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuchagua A6: karatasi inayopatikana kila mahali inakuwa karatasi sahihi kwa mkato mmoja.

Unahitaji karatasi 16 za A4, zitakazotoa vipande 32. Gramu 80 kwa mita ya mraba zinatosha kwa mazoezi. Kwa kitabu chenye chapa napendekeza gramu 100 hadi 120, kwa sababu wino wa chapa ni mzito na karatasi nyepesi huonyesha kivuli chake nyuma.

Vifaa

Rula ya chuma, kisu cha karatasi chenye wembe mpya na ubao wa kukatia. Kipande laini cha mfupa cha kukunjia, au mgongo wa kijiko. Kadibodi ngumu ya unene wa milimita 2. Gundi nyeupe ya maji na wanga laini wa mahindi. Rangi za akriliki za rangi mbili au tatu. Lino, visu vya kuchongea, rola na wino wa chapa. Uzi wa kitani, nta ya nyuki, sindano yenye ncha butu na chuma chenye ncha cha kutobolea kama kile cha mafundi viatu. Vitu vizito vya kukandamizia, na mbao mbili laini.

Wembe mpya nautilia mkazo. Wembe butu huvuta karatasi, kingo zikawa na mikwaruzo, na mkono ukalazimika kukandamiza hadi rula ikateleza. Pitisha wembe mara tatu kwa wepesi. Usijaribu kukata kadibodi kwa mkupuo mmoja.

Fungu moja la mfano

Kitabu chetu kina mafungu 8, na kila fungu ni vipande 4 vilivyokunjwa na kuingizwa kimoja ndani ya kingine. Kabla ya kugusa karatasi nzuri, kunja fungu moja la karatasi ya kawaida na uandike namba za kurasa kwa penseli, 1 hadi 16. Kisha litenganishe ulitazame. Kipande cha nje kina kurasa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Kinachofuata kina 14 na 3, kisha 4 na 13. Cha tatu kina 12 na 5, kisha 6 na 11. Cha ndani kabisa kina 10 na 7, kisha 8 na 9. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa kipande hujumlishwa daima kuwa 17, na hiyo ni njia ya haraka ya kujihakiki unapochapa.

Fungu hili la mfano linaonyesha pia jambo la thamani kwa mchapaji: kurasa 8 na 9 pekee ndizo zinazotazamana zikiwa juu ya karatasi moja isiyokatika. Picha inayotaka kuvuka mkunjo ina makao hapo tu. Kwingineko nusu zake mbili zitapigwa kwenye vipande tofauti na hazitalingana kamwe. Kwa kitabu cha kwanza nashauri uchape kwenye kipande cha ndani cha kila fungu peke yake. Utapata chapa 8, moja katika kila fungu, zikitokea kwa mpangilio unaomfanya msomaji azitarajie, na hutakuwa na hesabu ya kurasa za kukosea.

Fungu hilo hilo litumie kujifunza mshono rahisi kuliko yote. Toboa matundu matatu mkunjoni. Ingia tundu la kati kutoka ndani ukitokea nje, rudi ndani kwa tundu la juu, pita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini bila kugusa la kati, toka, kisha urudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae kila moja upande wake wa uzi mrefu wa ndani, uzifunge juu yake. Hicho tayari ni kitabu. Vitabu vya kale vya mafunjo vilivyopatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, vilikuwa karibu vyote vya fungu moja nene ndani ya jalada la ngozi, kwa hiyo usilione zoezi hili kuwa la kitoto.

Kuchonga na kuchapa lino

Lino ilibuniwa Uingereza na Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kutandika sakafu: mafuta ya kitani yaliyoganda, yakachanganywa na unga wa vizibo na kupakwa juu ya kitambaa. Wachongaji wakaipenda kwa sababu haina mkondo. Kisu kinakwenda upande wowote bila kubishana na nyuzi za mti.

Kata kibao cha milimita 70 kwa 95. Kwenye ukurasa wa 105 kwa 148 kitaacha nafasi nyeupe ya kutosha pande zote, na nafasi hiyo usiionee choyo. Chapa iliyobanwa hadi ukingoni hupoteza nguvu yake. Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze uso chini juu ya lino, usugue mgongo wake kwa kijiko. Picha itahamia ikiwa imegeuzwa, na ukichapa itarudi kama ulivyoichora. Hilo huondoa kabisa tatizo la herufi zinazosomeka kinyumenyume.

Sasa amua kipi kitakuwa cheusi. Unachokichonga kitabaki cheupe. Wengi huchora mistari kisha wakaanza kuondoa kila kilicho nje ya mistari hiyo, kazi ya saa nyingi ambayo huishia kufanana na mchoro wa kalamu. Lino hunena vizuri zaidi kwa mistari myeupe ndani ya uwanja mweusi. Jaribu kufikiri kwa mwanga: unachochonga ni mahali mwanga unapoangukia.

Kama lino ni baridi na inakatika vipandevipande, iweke juani au karibu na joto dakika chache italainika. Tumia kisu chenye mdomo wa V kwa mistari, na chenye mdomo wa U kwa kuondoa maeneo makubwa. Mkono usioshika kisu ukae nyuma ya wembe muda wote. Kwenye mviringo, zungusha kibao na uache kisu mahali pake. Mstari utatoka laini na mkono hautachoka. Huhitaji kuchimba sana. Ukifikia kitambaa cha nyuma umeshazidi.

Kuhusu wino, mimi ni wa upande wa mafuta. Wino wa maji husafishwa kirahisi na hukauka ndani ya muda mfupi, lakini aina nyingi huyeyuka tena zikipata unyevu, na kitabu hushikwa kwa mikono yenye jasho. Wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, wakati mwingine wiki nzima, na baada ya hapo hautikisiki. Ukitaka kuchapa kwenye karatasi itakayobandikwa jaladani huna chaguo, lazima uwe wa mafuta na uwe umekauka kabisa, la sivyo unyevu wa gundi utaupaka kila mahali. Rola na kibao husafishwa kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni.

Tandaza wino kidogo kwenye kioo au bati laini, uusambaze kwa rola hadi usikie mchakacho mwembamba, mkavu. Ukisikia sauti nzito ya kunatanata, wino umezidi na mistari myembamba itazibwa. Paka kibao kwa kupitisha rola pande zote, mara nyingi kwa wino kidogo. Chapa mbili tatu za kwanza zitakuwa hafifu. Ni kawaida, lino inakunywa wino.

Ili picha ikae mahali pamoja kwenye kila karatasi, chora kwenye kadibodi nyembamba umbo la kipande chote cha 210 kwa 148, na ndani yake, kwenye nusu ya kulia, umbo la kibao. Hakikisha umbo hilo liko angalau milimita 15 kutoka mkunjoni na limepanda juu kidogo kuliko katikati. Jicho huliona hivyo kuwa limetulia, lakini likiwa katikati halisi huonekana linateremka. Kumbuka karatasi itawekwa uso chini, kwa hiyo nusu ya kulia ya kadibodi itakuwa nusu ya kushoto ya karatasi iliyogeuzwa. Ukitaka chapa ikae ukurasa wa 9, chora umbo la kibao kushoto.

Weka kibao mahali pake, laza karatasi kwa kufuata kona, ushikilie kwa mkono mmoja na kusugua kwa mgongo wa kijiko cha mti kwa miduara midogo. Inua kona moja utazame. Palipo hafifu, rudisha usugue tena. Chapa 12 ingawa unahitaji 8, upate nafasi ya kuchagua; nne za ziada zinadai karatasi mbili za A4 zaidi ya zile 16. Zianike zikiwa zimetengana, uzisahau kwa siku kadhaa, na uhamie kwenye karatasi za mapambo.

Karatasi za mapambo kwa wanga na rangi

Ziko njia nyingi za kupamba karatasi. Ebru ya Uturuki, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, huelesha rangi juu ya maji mazito na kuinyakua kwa karatasi. Suminagashi ya Japani hutumia wino juu ya maji matupu. Zote ni nzuri, na zote zina tabia ya kumgomea anayeanza. Karatasi ya wanga, iliyotumiwa na watengeneza vitabu wa Ulaya kwa karne kadhaa, inakupa matokeo mazuri siku ya kwanza, na ukikosea unafuta na kuanza upya juu ya karatasi ile ile.

Koroga robo kikombe cha wanga laini mweupe wa mahindi (si unga wa mahindi wa kawaida) kwenye robo kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimina kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto yaliyo jikoni, ukikoroga bila kuacha. Mchanganyiko mweupe utaanza kuwa kama kioo na kuwa mzito. Epua, ongeza nusu kikombe cha maji baridi, koroga, uache upoe. Uchuje kwa kitambaa ukiona vipande. Ugawe kwenye bakuli, na kila bakuli utie rangi ya akriliki kidogo kidogo hadi rangi ikolee. Mchanganyiko sahihi hubeba alama ya kidole bila kuifunika.

Chukua karatasi ya A3 ya gramu 100 hadi 120. Ilowanishe pande zote mbili kwa sponji, uiache dakika moja itanuke, kisha uilaze juu ya meza laini isiyopitisha maji na ukaushe maji yanayong'aa. Ukiiruka hatua hii, karatasi itatanuka ukiwa katikati ya kuchora na kuota mikunjo. Paka rangi kwa brashi pana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, hadi uso wote uwe sawa.

Kisha chora kwa kuondoa rangi. Kata kipande cha kadibodi kiwe na meno yasiyolingana. Tumia chanuo, uma, kidole, kizibo, kibao chako cha lino kilichooshwa. Buruta kwa mawimbi, kwa ngazi, kwa mistari inayokatana. Usipoipenda, paka tena na urudie; una dakika kadhaa kabla wanga haujaanza kukauka. Mistari mipana inayorudiwa kwa subira hufaa zaidi kwa jalada la A6 kuliko mchoro mkubwa mmoja, kwa kuwa utaona sehemu ndogo tu ya karatasi. Kata dirisha la 108 kwa 154 kwenye karatasi nyingine ulitembeze juu ya kazi yako, utajua kipande kipi kinastahili kuwa jalada.

Anika karatasi ikiwa imelala. Ikishakauka itakuwa imejikunjakunja. Ipige pasi ya moto mdogo kwa upande wa nyuma.

Rangi ya jalada ichaguliwe ukiwa na chapa zako mezani. Jalada linalopiga kelele na chapa zinazopiga kelele hushindana, na msomaji huchoka kabla hajafika fungu la tatu. Mimi huacha rangi moja tu ya jalada irudi ndani, ama kwenye wino ama kwenye uzi.

Majalada

Kata kadibodi mbili za milimita 108 kwa 154, mkondo ukifuata urefu. Zinazidi kurasa kwa milimita 3 juu, chini na mbele. Upande wa mgongo zinakaa sawasawa na karatasi. Kata vipande viwili vya karatasi ya mapambo vya 148 kwa 194, na vipande viwili vya kubandika ndani vya 102 kwa 148, vyote kwa mkondo ule ule.

Changanya gundi nyeupe na wanga uliopikwa bila rangi, kiasi sawa kwa sawa. Gundi peke yake hukauka haraka mno hata ukashindwa kusogeza karatasi, na wanga peke yake una maji mengi. Paka karatasi kutoka katikati kwenda nje, weka kadibodi katikati, geuza, funika kwa karatasi safi na usugue hewa itoke. Kata kona za karatasi kwa mshazari ukiacha milimita 3 kutoka kona ya kadibodi. Ukikata karibu zaidi, kadibodi itachungulia. Kunja kwanza pande za juu na chini, bonyeza karatasi ndogo inayobaki kwenye kona kwa ukucha, kisha kunja pande mbili zilizobaki.

Hapo hapo bandika karatasi ya ndani, ikiacha milimita 3 kila upande. Hii si pambo la hiari. Karatasi iliyolowa gundi hutanuka, na inapokauka husinyaa na kuivuta kadibodi hadi ikapinda. Karatasi ya upande wa pili huvuta kinyume, nguvu zikalingana. Weka majalada kati ya mbao mbili, na karatasi safi za kunyonya unyevu, chini ya vitu vizito, usiku mzima angalau. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya saa moja. Jalada lililotolewa mapema likiwa na ubaridi wa unyevu litapinda tu mbele ya macho yako.

Kukunja na kutoboa

Kunja kila kipande peke yake, kisha vikusanye vinne vinne, chenye chapa kikiwa ndani kabisa. Weka karatasi nyembamba juu ya kila chapa na ukandamize mafungu yote usiku mmoja. Mafungu yasiyokandamizwa yana hewa, na mshono utakaoukaza leo utalegea kesho hewa ikitoka.

Tengeneza kipimo: ukanda wa karatasi wa milimita 148, uliokunjwa kwa urefu, wenye alama kwenye milimita 15, 54, 94 na 133. Andika "juu" upande mmoja. Fungua fungu katikati, weka kipimo mkunjoni na utoboe kila alama kutoka ndani kwenda nje, chuma kikipita kwenye mkunjo wenyewe. Kwenye majalada, toboa matundu ya upana wa kama milimita 2, kwenye milimita 18, 57, 97 na 136 kutoka juu, na milimita 8 kutoka ukingo wa mgongo.

Mshono

Kata uzi wa mita 2 hivi na uupitishe kwenye nta mara mbili. Uzi uwe mwembamba wa wastani: kila fungu linaongeza unene wa uzi mgongoni, na uzi mnene mno hufanya mgongo uvimbe kuliko ukingo wa mbele. Namba 18/3, kipimo cha unene wa uzi wa kitani, inafaa.

Weka jalada la mbele mezani likiangalia chini, na fungu la 1 juu yake, nalo likiangalia chini. Mgongo uelekee kwako.

Kutoka ndani ya fungu la 1, toka kwa tundu la 1 ukiacha ncha ya sentimita 8. Zunguka nje ya jalada, ingiza sindano kwenye tundu la 1 la jalada kutoka uso wake wa nje, itokee kati ya jalada na fungu. Pitisha sindano nyuma ya uzi wako mwenyewe hapo mgongoni, kisha urudi ndani ya fungu kwa tundu lile lile la 1. Funga na ncha uliyoiacha. Nenda ndani hadi tundu la 2, toka, zunguka jalada, kamata uzi, rudi ndani. Fanya hivyo tundu la 3. Kwenye tundu la 4 toka, zunguka jalada, kamata uzi, lakini usirudi ndani ya fungu la 1.

Weka fungu la 2 juu, uingie kwa tundu lake la 4. Ndani, nenda tundu la 3, toka. Shuka, pitisha sindano nyuma ya uzi ulio kati ya jalada na fungu la 1, panda, rudi ndani kwa tundu la 3 la fungu la 2. Tundu la 2, vivyo hivyo. Tundu la 1, toka, kamata uzi wa chini, kisha panda moja kwa moja hadi fungu la 3.

Kuanzia hapo hatua ni ile ile: unapotoka kwenye fungu, shuka hadi chini ya fungu lililotangulia, kamata uzi ulio hapo, na urudi ulikotoka. Kwa fungu la 3 unakamata kati ya la 1 na la 2; kwa la 4, kati ya la 2 na la 3. Sindano ipite daima kutoka upande mmoja, ama kutoka kulia ama kushoto, hadi mwisho wa kitabu. Hapo ndipo mnyororo unapojengeka mgongoni, pete ndani ya pete.

Kaza kila baada ya tundu, na ukaze kwa kuvuta uzi kufuata urefu wa mgongo, kuelekea unakokwenda. Ukivuta kuelekea kwako utachana mkunjo wa karatasi. Kiasi cha kukaza hujifunzwa kwa kidole: mafungu yashikane bila nafasi, lakini pete zisizame ndani ya karatasi. Mshono uliokazwa kupita kiasi hufanya kitabu kigome kufunguka, na tutakuwa tumeharibu kazi yote ya kufuata mkondo.

Fungu la 8 hushonwa pamoja na jalada la nyuma. Baada ya kukamata uzi mwishoni mwa fungu la 7, weka fungu la 8 na jalada juu yake. Panda nje ya jalada, ingia kwa tundu lake la 4 kutoka uso wa nje, kamata uzi wako kati ya jalada na fungu, ingia fungu la 8 kwa tundu la 4. Ndani, nenda tundu la 3, toka, shuka ukakamate uzi kati ya fungu la 6 na la 7, panda hadi nje ya jalada, ingia tundu lake la 3, kamata uzi, rudi ndani ya fungu la 8. Endelea hadi tundu la 1. Ukisharudi ndani mara ya mwisho, funga mafundo mawili juu ya uzi uliolala mkunjoni, ukate ncha ukiacha sentimita 1.

Uzi ukiisha katikati, ungia ndani ya fungu, kamwe usiungie mgongoni, na fundo likae karibu na tundu ambapo mkunjo utalificha.

Kukifungua mara ya kwanza

Usikipasue katikati. Kisimamishe kwa mgongo, laza majalada mawili pande zote, kisha shusha kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, hadi ufike kati. Kila fungu linapaswa kulala tambarare na chapa yake kuonekana nzima. Fungu moja likitokeza mbele kuliko mengine, gonga mgongo taratibu juu ya meza kabla uzi haujazoea. Fungu likicheza, tafuta kwa ncha ya sindano pete iliyolegea na uusogeze uzi uliozidi, tundu kwa tundu, hadi kwenye fundo la mwisho.

Kwenye ukurasa wa mwisho andika kwa penseli aina ya karatasi, aina ya wino, mwezi na mwaka. Ukitengeneza nakala kadhaa kutoka kibao kile kile, ziandike namba: 1/6, 2/6, na kuendelea. Chapa nne zilizobaki zihifadhi zikiwa zimelala, pamoja na mabaki ya karatasi ya mapambo. Vipande vya A3 vilivyobaki vinatosha kuvika kijitabu cha fungu moja.